Jina Kamili

Aleppo, mtaa wa Shaar
2 Machi 2014

Nizar, ndugu yangu tuliyenyonya naye ziwa moja,

Natumai baridi ya Uswidi haijakushinda. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati langu. Mimi bado nazunguka na fomu, nikiandika waliouawa na mapipa ya mabomu ya helikopta. Wanaoyaangusha wanadai tunabuni maiti, laana yao, kwa hiyo lazima niandike jina kamili, lakabu haikubaliwi.

Mama yako alikuwa haachi kunitania. "Wee karani wa maiti, pita huko! Mimi bado napika." Kisha ananiita nirudi nile, eti nimekonda.

Jana pipa liliangukia nyumba yenu. Nilimtambua kwa bangili zake. Nisamehe kwa kuanza na paka; sikujua nianzie wapi.

Nilitoa fomu, nikakwama. Mtaa mzima ulimwita Mama Nizar, na unajua kwetu mama wa mtu haulizwi jina lake. Hata mimi, ambaye alininyonyesha, sikuwahi kumuuliza.

Sitaki aandikwe "mwanamke asiyejulikana". Nijibu upesi: mama yetu aliitwa nani?

Nduguyo,
Mudar