Picha ya Dresingi ya Kwanza

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tupokigwe,

Ndaga, mama. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani na mguu umeunyoosha kama daktari alivyokwambia, siyo umeinama kwenye viazi. Nyonga inaendeleaje? Ngazi za kanisani unazipanda sasa? Na shemeji Nikodemu, kifua kimemwachia? Huko Tukuyu najua mvua zimeanza, mjifunike. Sie tunapumua, Mungu anatushikilia. Sukari yangu imeshuka kidogo. Loveness hajambo, anakwambia shikamoo mama mdogo.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu umesikia mwenyewe, nalia tu mpaka unakata wewe. Kwenye karatasi nikilia najifuta, naendelea.

Kwenye mazishi ya Brightson hukuweza kuja kwa ajili ya nyonga, na sikulaumu. Ila ungewaona watu waliojaa. Mwanangu hakuzikwa kinyonge. Mafundi wa Keko walifunga karakana zao, jeneza wakalichonga wenyewe kwa mninga, hakuna msumari hata mmoja unaoonekana. Mchungaji alilipapasa kwa mkono akatikisa kichwa. Lile lori lililomgonga pale Buguruni akipeleka kitanda cha mteja lilinichukulia mtoto, lakini heshima yake halikuichukua.

Kitu kimoja ndicho kilichonichoma. Picha iliyotangulizwa mbele ya jeneza ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa, kakodoa macho kama mtu aliyeshtakiwa. Ndiyo iliyopatikana. Unajua tangu kibanzi cha mbao kimwingie jicho la kushoto likawa jeupe, alikuwaga hataki kabisa kupigwa picha. Kwenye harusi za watu anajibanza nyuma ya spika. Na simu yake ilisagika pamoja naye.

Sasa Februari anatimiza mwaka. Tunajengea kaburi, na fundi wa marumaru anataka picha ya kuweka. Ya kitambulisho sitaki. Nataka picha ambayo mtu akipita makaburini aseme, huyu namjua, huyu ndiye aliyenitengenezea kitanda.

Hapa ndipo nakuja kuungama kwako.

Zile dresingi zake, meza za kioo za kujipambia, unazikumbuka. Akimaliza moja alikuwa anakuja kuazima simu yangu, hii aliyoninunulia mwenyewe, ina kamera kali kuliko yake. Anaipiga picha meza, mimi naiweka kwenye grupu la wateja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia, na kuuza najua, hilo hata wasionipenda wanakubali. Lakini kioo hakina adabu, Tupo. Kinaonyesha chochote kilicho mbele yake. Kila picha Brightson yumo katikati ya meza, simu kaishika kifuani, shati limelowa jasho, nyusi zimejaa vumbi la mbao, anachekelea kazi yake. Hata hakumbuki kwamba na yeye anaonekana.

Siku moja mwanamke mmoja wa Mbweni akaandika mbele ya grupu zima: "Mama, unauza meza au unauza fundi?" Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Nilichukia. Nikamwambia Loveness anifundishe ile AI, redioni wanaiita akili mnemba. Siyo kazi ngumu. Unapaka kidole juu ya sehemu unayotaka tu, kwingine hugusi, unaandika ondoa mtu huyu, kioo kibaki kitupu. Unahesabu mpaka kumi, mtu hayupo. Inakujazia ukuta, na pazia ambalo mie mwenyewe sina.

Mie wa darasa la saba niliishika kuliko waliosoma. Wauza viatu na wauza chupa za chai wa Buguruni wakawa wananiletea picha zao, nifute mkono, nifute ndoo, nifute kandambili za mtu. Nilikuwa sibakishi hata kivuli. Na unanijua kwa usafi, kila nikimaliza picha moja nafuta na ile ya zamani, hata kule kwenye grupu, simu isijae. Brightson alikuwa akiziona anacheka: "Bi mkubwa, leo nimekukosea nini, mbona umenibakizia kiatu tu?" Na mimi nikakitoa na kiatu.

Picha arobaini na tatu. Nimezipitia moja moja, nimevaa miwani. Vioo arobaini na tatu, vitupu. Laiti ningekuwa mzembe hata mara moja.

Loveness aliniona ninavyohangaika akataka kunisaidia. Akachukua picha moja, akapaka kidole palepale kwenye kioo, akaiandikia irudishe fundi seremala aliyekuwepo. Ikaleta kijana. Shati jeupe, meno yamepangika, macho yote mawili mazima. Nikamuuliza Loveness, huyu mtoto wa nani? Akaenda kuinjika chai. Hatukuinywa.

Sasa nisikilize. Dresingi yake ya kwanza kabisa, mwaka juzi, kabla sijayajua mambo haya, picha yake niliichapisha studio, kubwa, nikakutumia ndani ya kitenge cha kipaimara cha Filomena. Nilitaka kina mama wa huko waone mwanangu ana mkono gani. Ukaniambia umeichomeka kwenye kabati la vyombo. Baadaye nilipojua kufuta, nikakupigia nikakufokea: itoe hiyo, itupe, mtoto anaonekana na jasho kama mbeba zege, nitakuletea iliyo safi. Ukasema, "Sawa, dada." Na hiyo safi sikukuletea.

Wewe tangu utoto ni mbishi. Mama akikutuma kisimani unakwenda mtoni. Unasema sawa, halafu unafanya lako. Nimekuchapa kwa ubishi huo, nimekusema kwa watu mpaka tumezeeka. Nakuomba, mdogo wangu, uwe ulinibishia na safari ile.

Angalia kwenye kabati, angalia na nyuma yake, ndani ya Biblia, kule unakoweka karatasi za mbolea. Ukiipata usimpe mtu aitengeneze. Usiifute hata vumbi. Mpe Augustine, mfanyabiashara wa viazi aliyekuletea barua hii, aiweke katikati ya daftari lake. Anageuza kurudi huku Dar Jumatatu ijayo. Kama uliitupa, usinipigie simu kunieleza. Augustine akifika na viazi vyake tu nitaelewa, na sitakuwa na neno na wewe, maana siku hiyo uliniheshimu dada yako.

Nisalimie shemeji Nikodemu, umwambie asikae kwenye baridi. Mbusu Filomena. Mama Jonas jirani yako mwambie bado namkumbuka kwa zile ndizi.

Mungu aliyekuumba mbishi akulinde vivyo hivyo ulivyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ubishi wako,

Demetria, Mama Brightson