Sauti Nyuma ya Kikwembe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Vumbi limeanza. Asubuhi nilipanguza meza ya buro, muchana iko nyekundu tena.

Habari mbaya kutoka Wamaza. Wezi waliingia kwenye santre ya afya, wakapanda paa, wakaondoa pano za jua, zile zinazoendesha frigo ya chanjo. Mulinzi, papa Asani, walimupiga kichwani. Wamemuleta hapa Kasongo kwa moto, pikipiki, amefungwa na kikwembe mugongoni mwa dereva ili asianguke. Iko hospitali. Hajasema neno.

Chanjo za watoto zimeharibika zote. Mama wenye walitembea na watoto mugongoni kutoka mashambani wamerudishwa.

Radio ilitangaza numero yetu ya bure, ile ya kutoa habari za wezi, muchana kutwa. Simu kimya. Watu wanaogopa kwanza.

Naandika hapa juu ya kuwa sina mahali pengine pa kusema. Élysée, mume wangu, anajua natumika kazi ku proje, mradi wa usalama. Anafikiri naandika ripoti. Hajui kama ni mimi najibu simu. Ndiyo sheria yetu: mwenye kupiga hana jina, mwenye kujibu hana jina. Mutu anasema alichoona, namupa neno moja la siri, akipiga tena anataja hilo tu. Siku da Véronique, mukubwa wetu, alinipa kazi, alisema: ukitambua sauti, hujaitambua.

Nilicheka siku ile. Niliona ni rahisi.

Jumanne, 4 Juni

Soko limejaa maneno. Wenye moto wamekasirika kushinda wote, juu watu wanasema pano zilibebwa kwa moto. Muuza petroli alisema wazi mbele ya wateja: huyo mwizi akipatikana, hatutamupeleka polisi, petroli iko hapa. Watu waliitika. Mama wa karibu yangu, mwenye kuuza majani ya sombe, mutu mupole kabisa, naye aliitika.

Nilinunua mawese nikaenda.

Papa Asani alifungua macho, lakini hatambui mutu.

Jumatano, 5 Juni

Sijui nianze wapi.

Alipiga kabla ya saa ya chakula. Mwanamuke. Aliziba simu na nguo, labda kikwembe, sauti ilitoka nzito kama mutu mwenye kusema ndani ya mutungi. Alikohoa. Kisha akasema:

— Mwana wa mwenzangu, niko na neno.

Mwana wa mwenzangu! Mutu mumoja tu Kasongo anaita watu hivyo. Anaita hivyo hata muuza chumvi, hata padri. Ni mama Cécilia. Mama wa Élysée. Mukwe wangu.

Mara moja nilibadilisha sauti. Nilisema kwa pua, nikachanganya Kifaransa kama mutu wa Kinshasa. Nikamuambia aseme, hakuna mutu atamuuliza jina.

Alisema pano ziko ndani ya nyumba moja mutaa wetu, chini ya kitanda, zimefunikwa na mikeka. Alisema muko kijana mumoja. Hapo nilinyamaza. Nilijua nyumba, nilijua kitanda. Ni nyumba yake. Ni Ruphin, mutoto wake wa mwisho, shemeji yangu, mwenye kuendesha moto kati ya Kasongo na Wamaza.

Naye pia alinyamaza. Nilisikia kuku wake nyuma. Nilifikiri atakata simu. Kisha akasema yote, pole pole, mahali ya nyumba, saa kijana anaamuka, mulango gani haufungiki. Na mwisho:

— Wenye moto wanatafuta. Wakimufikia wao, atakufa. Mukuje nyinyi mbele yao. Mumukamate na heshima. Asipigwe mbele ya mama yake.

Nikamupa neno la siri: njiwa. Akasema, asante. Kama mutu mwenye kupewa maji.

Niliketi na simu mapajani. Da Véronique aliuliza kama niko mugonjwa. Nikasema ndiyo.

Sikutoa ile habari leo.

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala. Élysée alinishika paji la uso, akaamuka mwenyewe kunichemshia maji na majani ya limau. Mume muzuri. Na mimi nimelala pembeni yake na siri ya ndugu yake mudomoni.

Namukumbuka Ruphin siku ya kuzaa Divine. Élysée alikuwa Kabambare, kwenye machimbo ya dhahabu, hakuna mutandao. Mvua. Ruphin alikuwa bado hana moto, kinga tu, baiskeli. Aliniketisha nyuma, akasukuma matopeni mupaka maternite, anaimba ili nisisikie uchungu. Anaimba vibaya! Nilimuomba anyamaze, akaimba zaidi. Mutoto alipotoka, yeye ndiye alimushika wa kwanza katika ukoo. Alilia kuliko mutoto.

Huyo ndiye.

Na papa Asani naye iko na watoto.

Nilifika buro nikamuambia da Véronique kila kitu, isipokuwa jina la mupigaji. Nilisema tu: kijana ni wa kwetu, sitaki mimi niwe mwenye kuamua. Hakuniuliza ninajua sauti ao hapana. Akamuita inspekta Dominique, wa polisi, aje anisikilize.

Inspekta ni mutu wa maneno machache. Nilimuambia mutaa, nyumba, mikeka. Nikamuambia na sharti: bila fujo, bila kumupiga. Alisema mupigaji hawekei polisi masharti. Nikamuambia huyu anaweka, na bila huyu huna kitu. Nilishangaa mudomo wangu.

Alivaa kofia yake. Alipofika mulangoni akasema wataenda bila uniforme, saa watu wako musikitini.

Ijumaa, 7 Juni

Wamemukamata. Iko muzima.

Adhana ilipoisha mutaa ulikuwa umetulia. Polisi wawili walikuja kwa miguu, mashati ya kawaida. Ruphin alikuwa anaosha moto yake mbele ya nyumba. Jirani anasema walimusalimia kwanza. Walizungumza kidogo. Ruphin alifunga bomba la maji, akapanguza mikono kwenye suruali, akaingia nao ndani. Walitoka na pano zimefungwa ndani ya mikeka. Alitembea katikati yao kama mutu mwenye kusindikiza wageni. Mama alisimama jikoni. Hakulia. Alimuletea koti lake.

Kabla watu hawajatoka musikitini, wenye moto walifika, wengi, na fimbo, na jerikani. Mutu fulani naye alikuwa amewaambia. Walikuta udongo umelowana na mama anafagia.

Walimuuliza: mutoto wako iko wapi? Aliwajibu: mumechelewa. Akaendelea kufagia.

Nilipofika jioni nilitaka kumupigia magoti. Nilichukua tu fagio.

Élysée alitoka kazini amegeuka mutu mwingine. Alipiga ukuta na ngumi. Hakuulizia pano wala papa Asani. Aliuliza neno moja tu, tena na tena: nani ametuuza? Mama alikuwa anamenya karanga. Mimi nilikuwa nachambua muchele. Hakuna aliyeinua uso.

Jumamosi, 8 Juni

Tulienda na mama ku kasho ya polisi kumuona Ruphin. Tulibeba muchele, sombe, na samaki wa muto kutoka Nyangwe, yule mukubwa. Mama alimupika tangu alfajiri, hakuniruhusu kugusa sufuria.

Walituacha naye chini ya dirisha. Hajapigwa. Nilimuangalia vizuri, mikono, masikio, hajapigwa. Mama pia aliangalia. Alimugeuza uso kama wakati wa kumuogesha.

Alikula haraka, kichwa chini. Kisha yeye mwenyewe akasema. Watu wawili walimukodi abebe muzigo Wamaza, giza. Alifikiri ni kahawa ya magendo. Alingojea na moto njiani. Akasikia papa Asani analia. Alijua basi. Angeweza kwenda zake. Hakuenda, alibeba. Wale wawili wamekimbilia ng'ambo ya muto, yeye akabaki na pano chini ya kitanda, anaogopa kuzirudisha, anaogopa kuziuza.

— Namusikia kila siku, akasema. Bado anaita mutu. Amekufa?

Mama akamujibu kwamba hajakufa. Ruphin akaweka sahani chini.

Nilitaka kumuambia mengi. Nilimupa maji.

Kutoka pale mama hakufuata njia ya nyumbani. Alienda hospitali, mimi nyuma. Alikuwa ameacha nusu ya muchele katika sufuria, sikuelewa juu ya nini. Papa Asani amelala, kichwa kimefungwa kitambaa. Muke wake, Aziza, ameketi chini. Alipotuona alijua ni nani. Kasongo nzima inajua. Nilifikiri atatufukuza.

Mama aliketi naye chini, kwenye saruji, bila mukeka. Akasema: mimi ni mama wa mwenye kubeba. Hakuongeza. Aziza alitazama sufuria. Mwisho akaomba kijiko. Akamulisha muzee chembe chembe, na mama akamushikilia kichwa. Papa Asani alikula. Hajui mukono gani unamushikilia.

Njiani mama alichoka, nikamushika kwapa. Mwepesi kama kuku.

Nyumbani Élysée alikuwa ananingojea. Amesikia kwamba mutu alipiga numero ya bure. Anataka niangalie kule buro ni nani. Nilimuambia hatuandiki majina. Aliniambia nidanganye watu wengine, siyo yeye. Nilimuambia tena, hatuandiki. Ni kweli, na bado nilijisikia mwongo.

Alisema wajomba wanakuja kesho kutoka Wamaza. Baada ya misa ukoo utaketi. Wanataka mama, kama mukubwa, atamuke laana juu ya mutu mwenye kuuza damu yake.

Nikamuuliza: mama amekubali?

— Mama amesema tukiwa tayari tumuite tu.

Jumapili, 9 Juni

Wamekuja. Niko chumbani kwa mama Cécilia, naandika juu ya magoti, haraka. Nilisema naja kutafuta kitambaa chake cha kichwa.

Misa sikuisikia. Padri alisema, watu waliimba, mimi nilimuangalia mama mbele yangu. Hakwenda komunyo. Yeye mwenye hakosi!

Sasa kiwanja kimejaa. Wajomba wamevaa makoti ku jua hili. Wenye moto wawili wamesimama karibu na ua, wanataka kusikia nao. Élysée anapanga viti, anahangaika, shati limelowa. Namuona hapa dirishani. Namupenda na namuogopa leo. Kama mama atajilaani mwenyewe mbele yao, nitaishi namna gani? Kama atasema ni yeye, Élysée ataishi namna gani?

Niliacha kuandika. Mama aliingia. Naendelea sasa, nisisahau hata neno.

Alifunga mulango. Aliketi kitandani, kile kitanda, chini yake hakuna kitu tena. Alinipa kichwa nimufunge kitambaa. Nilimufunga mbaya. Akasema bila kugeuka:

— Mama Divine, ule mutu wa simu, tumufanye nini?

Nilimujibu kama sheria:

— Ku buro hatuulizi majina, mama. Hatumujui.

Alicheka kidogo, kwa pua. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

— Unasema Kifaransa mubaya sana, mwanangu. Siku ile nilitaka kukata simu. Nilikuwa nimekwisha kuogopa. Kisha nikasikia umenyamaza vile unanyamazaka mukiwa munagombana na Élysée. Nikajua ni wewe. Nilipojua ni wewe, ndipo nikamaliza kusema.

Niliweka shavu langu juu ya kichwa chake, kwenye kitambaa. Alinuka moshi na sabuni. Alinishika mukono, akauacha palepale begani kwake.

Nikamuuliza atawaambia nini. Alisema tu Élysée atalia, na kwamba akilia nisimunyamazishe mbio.

Sasa wanamuita. Élysée ameweka kiti kimoja katikati ya kiwanja, mbele ya wajomba. Mama amesimama mulangoni. Amekitazama. Amemuambia mutoto wake, kwa sauti ya kila siku, kama mutu mwenye kuomba chumvi:

— Leta cha pili, Mama Divine aketi karibu yangu.

Élysée ananiangalia dirishani. Bado ameshika kiti cha pili hewani.

Naenda.