Goti la Kushoto la Winga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Umri: miaka 52. Kazi: mchua misuli wa klabu ya soka. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya uwanja wa mazoezi.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Wachezaji wananiita Dokta Mafuta, ingawa udokta sijausomea. Kabla ya klabu hii nilikuwa kwa wapinzani wetu miaka sita. Huko nilimuuguza winga wao, anayeniita mjomba, alipopasuliwa goti la kushoto. Halikupona vizuri. Aliniomba iwe siri yetu, nikamwahidi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa chumba cha matibabu nikimchua mapaja beki wetu, tunayemwita Breki. Wenzake walikuwa wakimcheka kwamba mechi iliyopita winga yule alimpita mpaka leo anamtafuta. Nami nikatia langu: “Asikutishe. Lile goti la kushoto limeshikizwa tu.” Chumba kizima kilicheka, na nilipenda walivyocheka. Breki hakucheka. Aliuliza, “La kushoto?” Nikamjibu, “La kushoto.” Nilijua anauliza nini.

Saa kumi na dakika ishirini jioni, katika mechi yetu na klabu hiyo, mpira ulikuwa umeshatoka nje na mshika kibendera ameinua kibendera. Winga alikuwa amesimama. Breki alikuja mbio, akaruka na njumu zote mbili, zikatua kwenye goti hilo. Nilikuwa kwenye benchi, kama mita kumi, nikasikia likivunjika. Mwamuzi alitoa kadi nyekundu. Mfuko wa barafu ulikuwa mkononi mwangu na sikuinuka.

Jumatatu saa tatu asubuhi meneja wa timu alituita ofisini, mimi na Breki. Akaniambia, “Mzee wangu, usijitie kitanzi. Breki aliteleza.” Nikatia saini karatasi inayosema hivyo. Nyasi zilikuwa kavu. Naiondoa saini hiyo leo, na najua kazi sina tena.

Jana saa nane mchana nilikwenda hospitali kumwona winga. Daktari amemwambia hatacheza tena. Mkewe alinipisha kiti. Winga akasema, “Mjomba, hawa wananigusa kwa woga. Niwekee mguu vizuri wewe, unaujua.” Nilimwekea. Mikono yangu ilitetemeka, akadhani ni uzee, akanipa pole. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile sikujua pa kuiweka. Sikuweza kumwambia. Naomba asomewe maelezo haya.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, nimeyasema bila kushurutishwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali, isipokuwa aliomba maneno “nilisema kwa utani” yakatwe. Nilimweleza kuwa maneno hayo yangemsaidia. Alisema anajua, yakatwe. Nimeyakata.