Mchezo wa Kukaa Chini

Mjukuu wangu Moraa,

Barua yako imefika. Huku tu wazima. Goti la nyanya yako limetulia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza upange mchezo gani wa kurudia kuzidisha na wanafunzi wako wa Gredi ya Nne. Nilipoanza kufundisha, karibu na Keumbu, nilipanga mmoja niliouona mzuri sana. Wote wanasimama, nauliza, "Saba mara nane?" Anayekosea anakaa chini. Watoto walishangilia hadi mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Mwishowe walibaki wawili wamesimama, wale wale ambao hesabu hazikuwahi kuwashinda.

Kengele ilipolia nikamuuliza Kwamboka, aliyekaa wa kwanza kabisa, kama ameupenda mchezo.

"Ndiyo, mwalimu," akasema kwa adabu. "Nimepumzika."

Jioni nilipita karibu na kwao, nikamwona na ndugu zake wakichuma majani chai. Kwamboka alikuwa amemaliza mstari wake kabla ya wote. Hakukaa. Aliingia mstari wa kaka yake kutoka upande wa pili, akachuma hadi wakakutana katikati.

Ijumaa tukacheza tena. Safari hii anayekosea anabaki mahali pake, na anayepata anaenda kusimama naye, wakokotoe pamoja. Wa mwisho kupata alikuwa Kwamboka. Darasa zima lilikuwa limemzunguka, na hakuna aliyekuwa amepumzika.

Nyanya yako anasema ule vizuri.

Babu yako