Rakija ya Mshtuko

Mdogo wangu Ratomir,

Huku hatujambo. Nguruwe amezaa, na banda lako la gari nimelifagia, sasa lina nafasi tele.

Juzi niligongana kwa gari na Budimir, yule fundi mapipa, pale njia panda. Hakuna aliyeumia. Tulikuwa bado tunatukaniana mababu, jirani yetu Stojanka akatoka mbio na chupa ya rakija, ile pombe yake kali ya matunda. "Acheni kelele, kunyweni! Mshtuko unaua kuliko gari!" Tukanywa ya mshtuko, tukanywa ya kumshukuru Mungu, tukamalizia na ya kupatana. Polisi alipofika tulikuwa tumekumbatiana.

"Pulizeni hapa."

Kifaa kikalia kama mbuzi anayechinjwa.

"Mwanangu, tumekunywa baada ya ajali!" nikamwambia.

"Mama, kila mtu hunywa baada."

Stojanka akaapa kwamba chupa ni yake, akamsogezea polisi glasi aonje ushahidi. Leseni zetu zikaenda zote mbili.

Kwa hiyo ukigonga huko Vienna, ngoja polisi kwanza, ndipo unywe. Ila sasa hivi huendeshi. Kaa chini ujimiminie moja, maana sijakwambia nilikuwa naendesha gari la nani.

Dada yako akupendaye mno,
Vukosava