Nadhiri Ni Yako, Khelef

Malindi, Unguja
9 Agosti 1996

Mdogo wangu mpenzi Khelef,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Wafaa na watoto. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Magoti yananisumbua ngazini, ila ulimi bado mzima, kama utakavyoona.

Siku ile ya kuja kwako nilipika pweza wa nazi na mikate ya mofa, nikaenda kiwanja cha ndege na jirani yetu Mzee Borafya, mapema mno hata askari wakatuuliza tunamsubiri nani. Nikawaambia ni ndugu yangu, aliyeondoka mwaka wa sitini na nne hajaota ndevu. Hukutokea. Jioni ukapiga simu, ukasema umenyimwa likizo, nami nikaamini. Pweza aliliwa na Mzee Borafya kwa huzuni kubwa, hakubakisha hata mnyiri mmoja.

Juzi akabisha hodi mama mmoja wa Tumbatu, Bi Mwanakheir, kaniletea zawadi ulizompa. Alidhani nayajua yote, basi akayasema yote. Mlikuwa ndiyo kwanza mmeondoka Muscat, ndege ikalala upande. Rubani akatangaza kuwa usukani haushiki tena, hana njia ila kuongeza na kupunguza nguvu za injini, mara ya kulia, mara ya kushoto, mpaka airudishe ilikotoka. Watu wakaanza kuombana radhi, hata wasiojuana. Bi Mwanakheir, aliyekaa kando yako, alikushika mkono, na wewe ukaweka nadhiri kwa sauti: Mola akikushusha salama, hutapanda tena ndege maisha yako. Mkatua kwa kishindo, magurudumu yakapasuka, lakini hakufa mtu. Wenzako walipoletewa ndege nyingine wakapanda. Wewe ukamkabidhi yeye mzigo, ukarudi nyumbani.

Sikucheka, Khelef, ingawa kukucheka ndiyo kazi yangu tangu utotoni. Nililia. Sauti yako ya simu ni ya bwana mmoja nisiyemjua. Wa kwangu mimi ni yule aliyekuwa akigombania ukoko kabla sufuria halijapoa. Kila ndege inayopita juu yetu, mimi hutoka nje kuitazama, na hali najua hukupanda. Nimekutamani mpaka nimechoka.

Nilimuuliza Sheikh Muhiddin. Akasema nadhiri hiyo ina kafara, utalisha masikini na utakuwa huru. Lakini nakujua. Hata ukiwalisha masikini wote wa Muscat, hutapanda.

Sasa nakwambia jambo ambalo sikutaka kulisema kwa simu, maana ungenikataza. Nadhiri ni yako, mimi sikuiweka. Pasi nimeshapata na tiketi nimeshakata. Nakuja Alhamisi inayokuja, inshaallah. Mimi huyu, ambaye hata boti ya Dar es Salaam hunitapisha kabla haijaondoka gatini! Naogopa, mdogo wangu, naogopa kwelikweli. Lakini naogopa zaidi kufa sijakuona.

Barua hii anakuletea Talal, mtoto wa Mzee Borafya, anayetangulia Jumatatu. Nibusie watoto, waambie shangazi yao anakuja. Wafaa msalimie sana, na asijihangaishe kwa mapishi. Wewe simama tu pale wanapotokea abiria. Sote tumezeeka, ukiona hunitambui, ita dada kwa sauti, nami nitakuitikia.

Akupendaye daima,
Dada yako Shariffa