Pochi Yangu, Ufunguo Wangu

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika na joto limerudi na hasira zake.

Leo nimemvunja mtu mkono.

Mtu mwenyewe ni Shafii, aliyekuwa mume wangu. Eda yangu ilikwisha zamani na talaka ninayo, lakini kwake yeye mimi bado ni mali. Tulipokuwa pamoja, ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Akienda kazini Liwatoni hunifungia kwa nje, akirudi hunifungulia, na nikilalamika hunipiga. Majirani walidhani natawa tu, sitoki nje kwa hiari yangu, kama wake wa zamani.

Ndiyo maana nilipohamia hapa Mji wa Kale, kitu cha kwanza kujinunulia kilikuwa pochi. Ni ndogo, ya ngozi ya kahawia, yaenea kiganjani, na ndani ina kifuko cha zipu chenye kipete cha kutilia ufunguo. Niliipata mtaa wa Bondeni. Wenzangu wakiachika hujinunulia dhahabu. Mimi nilitaka ufunguo ukae kwangu, basi.

Asubuhi nilikuwa jikoni naponda kitunguu thomu kwa mchi. Mlango nilikuwa nimeurudisha tu, sikuufunga. Nikasikia, "Hodi!" Nami, mtoto wa Mombasa niliyelelewa nikaleleka, mdomo ukatangulia akili: "Karibu!"

Hata sikuuliza ni nani.

Akaingia Shafii. Nikamwambia atoke, akacheka. "Wanikaribisha mwenyewe, kisha wanifukuza? Adabu gani hiyo?" Akaiona pochi mezani. Akaifungua, akapapasa kile kifuko, akaugusa ufunguo. "Leo wakaa ndani mpaka akili zikurudie." Nikamrukia. Akanipiga kofi, kisha ngumi ya mdomo, nikameza damu. Akageuka kwenda mlangoni, pochi mkononi.

Nilirudi jikoni kuchukua mchi, nikamwahi kabla hajatoka.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye kifundo cha mkono. Hakuiachia pochi. La pili nilisikia mfupa ukivunjika, ndipo ikaanguka. Alipiga magoti akimlilia mama yake. Sikuona huruma. Nasema kweli, niliona raha, raha ambayo sijapata kuiona tangu siku niliyoolewa. Nikauinua mchi tena, na safari hii sikuulenga mkono. Nililenga kichwa.

"Wauwa mtu, mwanangu! Wacha!"

Alikuwa Bi Zuhura anayekaa ghorofa ya chini, kasimama mlangoni na buibui kalivaa nusu. Alinikamata kiuno kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Shafii akajikokota, akashuka ngazi huku mkono unaning'inia.

Zipu ya pochi imeng'oka. Ufunguo umo. Bi Zuhura anasema kesho twende polisi mapema, kabla Shafii hajatangulia kusema lake. Nitakwenda. Nitaeleza alivyoingia, alivyonipiga, alivyotaka kunifungia, na yote hayo ni kweli.

Pigo la tatu hawataniuliza, kwa sababu halikupigwa. Lakini mimi najiuliza tangu adhuhuri: Bi Zuhura angekawia kidogo tu kwenye ngazi, leo ningekuwa naandika nini?